Kwenye wimbi hili hatoki mtu

USIKU wa Machi 7, 2025, msafara wa Simba ulifika Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi ya mwisho kabla ya dabi ya kesho yake. Haukuingia. Simba walisema wamezuiwa getini na watu waliowataja kuwa ni makomandoo wa Yanga, waliokuwa wenyeji wa mchezo, na baadaye wakatangaza kuwa hawachezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi, kelele zikapigwa miezi mitatu na ushee, hadi Juni 25 ndipo mpira ukachezwa. Yanga wakashinda 2-0.

Stori hiyo unaijua, pengine kuliko mimi. Nimeigusa kwa sababu moja tu. Pamoja na vurugu zote zile, kulikuwa na kanuni inayompa mgeni haki ya kufanya mazoezi uwanjani, kulikuwa na bodi ya kupelekewa malalamiko, na mwisho ikapatikana tarehe mpya. Sasa chukua ugomvi huohuo wa mwenyeji na mgeni, uondoe bodi, uondoe mwamuzi, uondoe geti na hata mistari ya chaki. Halafu uuweke baharini.

Hapo ndipo ulipo mchezo wa sefingi, ule wa kusimama juu ya ubao na kuteleza na wimbi. Kwenye televisheni unaonekana mchezo wa raha, vijana wamebabuka jua, nywele zimepauka, maisha hayana presha. Usidanganyike. Kuna fukwe duniani ambako mgeni akiingia majini bila kujulikana anatoka na meno pungufu.

Ili uelewe ugomvi, elewa kwanza kinachogombewa. Mtu analala kifudifudi juu ya ubao, anapiga mikono hadi nje kwenye kina, anageuka, anakaa, anasubiri. Wimbi zuri haliji popote. Linataka mwamba au tumbawe la umbo fulani chini ya maji, linataka upepo unaotoka nchi kavu, linataka dhoruba iliyopiga mbali huko siku kadhaa kabla. Mawimbi yenyewe huja kwa mafungu: manne, matano, kisha bahari inatulia kimya kwa dakika kadhaa. Na kila wimbi ni la mtu mmoja. Wakiwa watu 40 wanasubiri, piga hesabu mwenyewe. Ni kama mechi ya watu 40 ambayo mpira unaingia uwanjani kwa msimu, na kila ukiingia anaugusa mmoja tu, wengine wanatazama.

Sheria ipo, ila haikuandikwa popote. Aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanza kuvunjika ndiye mwenye wimbi. Ukimwingilia mbele umemchomekea, kama daladala inavyomchomekea mwenzake foleni ya Ubungo, na hapo unahatarisha maisha, kwa sababu ule ubao una mapezi makali chini na mwamba uko pale. Nani anasimamia sheria hiyo? Wanaokaa pale. Wenyeji. Yaani waamuzi wa mchezo huu ni wachezaji wa timu moja, na filimbi wanayo wao.

MTOTO WA QUEENSLAND NA MDOMO WAKE

Kisa kikubwa kuliko vyote kilitokea Hawaii, kwenye kisiwa cha Oahu, upande wa kaskazini wanaouita North Shore. Ni kipande cha pwani kisichofika hata mwendo wa Posta hadi Mbezi kwa urefu, lakini majira ya baridi dhoruba za Pasifiki ya kaskazini zinaposhusha mzigo, hapo ndipo penye Pipeline, Sunset na Waimea. Kwa mtelezaji, kucheza hapo ni sawa na mwanasoka kucheza Maracana.

Majira ya baridi ya 1975 walitua vijana kutoka Australia na Afrika Kusini. Mark Richards, Ian Cairns, Peter Townend, Wayne Bartholomew aliyeitwa Rabbit, na Shaun Tomson wa Durban. Walikuwa na njaa. Walishambulia mawimbi kwa staili ambayo wazee wa pale hawakuizoea, wakaondoka na mataji makubwa. Tomson alibeba Pipeline Masters mwaka huo.

Mpaka hapo hakuna kosa. Mgeni kushinda ugenini ni mpira. Tatizo likawa mdomo. Rabbit alikuwa shabiki wa Muhammad Ali, akajipa jina la Muhammad Bugs, akavaa joho la bondia na kujitangaza. Mwaka 1976 akaandika makala kwenye jarida la Surfer yenye ujumbe kwamba wao ndio waliouvunja mlango, zama mpya zimeingia. Kijana wa miaka 21, ameshinda, anaongea. Sisi mashabiki wa soka tumezoea, wasemaji wa klabu zetu wanaongea zaidi ya hapo kila wiki na wanakula mshahara kwa hiyo kazi.

Ila Hawaii si klabu. Mwaka 1893 wafanyabiashara na wenye mashamba ya miwa, wakiwa na askari wa Marekani walioshushwa melini, walimwondoa Malkia Lili'uokalani kwenye kiti chake. Mwaka 1898 Marekani ikavichukua visiwa, 1959 vikafanywa jimbo. Bunge la Marekani lenyewe lilikuja kupitisha azimio la kuomba radhi mwaka 1993, miaka mia moja baadaye. Watu wale walipoteza ufalme, ardhi, na kwa muda mrefu hata lugha yao haikufundishwa shuleni. Kuteleza juu ya mawimbi ni mchezo wa mababu zao, machifu wao walikuwa na mbao zao na fukwe zao. Kilichobaki mikononi mwao kilikuwa wimbi.

Halafu kuna hili, ambalo kwangu ndilo linalouma zaidi. Waaustralia walifunguliwa macho na Mhawaii. Duke Kahanamoku, bingwa wa Olimpiki wa kuogelea mita 100 mwaka 1912 na tena 1920, alikwenda Sydney mwishoni mwa 1914, akachonga ubao kwa mti alioupata hukohuko, akaingia majini ufukwe wa Freshwater na kuwaonyesha umati mchezo unavyochezwa. Miaka 60 baadaye wajukuu wa umati ule wanarudi kwa Duke na kusema mlango tumeuvunja sisi.

Mlango wa nani?

Rabbit aliporudi North Shore mwishoni mwa 1976, aliingia majini Sunset kama kawaida yake. Akaona watu wengine wanatoka majini mmoja mmoja. Wakamfuata waliobaki. Alipigwa mle mle ndani ya maji, meno yakatoka, akajikokota hadi nchi kavu na kwenda kujificha vichakani. Tomson naye alitishwa. Habari zilizoenea zilikuwa kwamba vijana wale wasipoondoka watauawa, na hakuna aliyezichukulia kama utani.

Sasa ingia mwamba mmoja anaitwa Eddie Aikau.

Eddie alikuwa mlinzi wa ufukwe, wa kwanza kuajiriwa Waimea, mwaka 1968. Anatajwa kuokoa watu zaidi ya 500, kwenye mawimbi ambayo wengine hawakuthubutu hata kulowesha kidole. Mhawaii wa damu, familia yake inaheshimika kisiwa kizima. Na alikuwa na deni la moyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alialikwa kwenye mashindano Durban, na kwa sababu ya rangi yake akakataliwa hotelini. Zilikuwa enzi za makaburu, fukwe zenyewe zilikuwa zimegawanywa, huku weupe kule weusi. Aliyempokea nyumbani kwake alikuwa baba yake Shaun Tomson.

Kwa hiyo Eddie alijua mgeni anajisikiaje akifungiwa mlango, na alijua mwenyeji anajisikiaje akidharauliwa kwake. Aliwafuata vijana wale walikojificha, kwenye hoteli ya Kuilima, akawaambia ukweli wa hali ilivyo, kisha akaitisha kikao kwenye ukumbi wa hoteli hiyohiyo. Wahawaii wana desturi yao ya kukaa chini na kunyoosha mambo, wote wakiwepo, waliokosa na waliokosewa. Rabbit na wenzake walikaa mbele ya ukumbi uliojaa watu wenye hasira nao. Walisomewa makosa yao, wakajieleza, wakaomba radhi. Haikuwa kwamba kila mtu alitoka anacheka, lakini waliruhusiwa kubaki na kushindana.

Townend ndiye aliyetangazwa bingwa wa dunia wa kwanza wa mchezo wa kulipwa, 1976. Tomson akafuata 1977, Rabbit 1978, na baadaye Rabbit akawa rais wa chama cha dunia cha watelezaji wa kulipwa. Bila kikao kile sijui kama ligi hiyo ingefika popote.

Eddie hakuona mengi ya hayo. Machi 1978 alikuwa kwenye Hokule'a, mtumbwi wa asili uliokuwa ukisafiri kwenda Tahiti kwa nyota kama walivyosafiri mababu. Ulipinduka usiku. Asubuhi Eddie akachukua ubao wake, akapiga mikono kuelekea kisiwa cha Lanai kutafuta msaada. Wenzake waliokolewa. Yeye hakuonekana tena. Alikuwa na miaka 31. Leo kuna shindano Waimea lenye jina lake, linalofanyika tu mawimbi yakifika ukubwa wa kutisha, ndiyo maana miaka mingine halifanyiki kabisa. Januari 2023 alishinda Luke Shepardson, mlinzi wa ufukwe wa North Shore aliyekuwa zamu siku ileile. Aliomba ruhusa kazini, akaingia majini, akarudi zamu.

KAPTULA NYEUSI

Usije ukadhani baada ya kikao North Shore palikuwa peponi. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 wenyeji walianzisha klabu yao, Hui O He'e Nalu, maarufu kama Da Hui, alama yao kaptula nyeusi. Hoja yao ilikuwa nyepesi: waandaaji wa mashindano wanakuja na vibali, wanafunga ufukwe siku zile bora za mwaka, wanapata hela, halafu mtu aliyezaliwa pale anaambiwa atoke majini. Wakawa wanaingia katikati ya mashindano na kukaa. Mashindano yanasimama. Wengine waliwaita wahuni, na ngumi kweli zilikuwepo. Suluhu iliyopatikana ilikuwa ya akili: waandaaji wakawaajiri kuwa walinzi wa majini wa mashindano yaleyale.

Ukiwa shabiki wa soka hapo unatabasamu. Nani asiyejua uwanja ambao vijana wa kitaa walikuwa wanaruka ukuta, hadi walipopewa vizibao vya ulinzi?

WABABE WENYE NYUMBA ZA MABILIONI

Kuna wanaosikia kisa cha Hawaii na kusema basi, mwenyeji ana haki, mgeni akae kwao. Taratibu. Twende California.

Kusini mwa Los Angeles kuna mji unaitwa Palos Verdes Estates. Nyumba zake ziko juu ya majabali na bei zake ni za mamilioni ya dola. Chini ya jabali kuna ghuba ndogo, Lunada Bay, ambayo majira ya baridi inatoa wimbi safi la kwenda kulia. Kwa miongo kadhaa wageni wameripoti yaleyale: ukiegesha gari juu, unarudi matairi yamekatwa. Ukishuka njia ya jabalini, mawe yanakufuata. Ukifika majini, matusi, vitisho, ubao unaelekezwa kwako. Wanaotajwa ni kundi linaloitwa Bay Boys. Neno hilo la pili maana yake wavulana, lakini wengi wao ni wanaume wazima wa makamo, wana kazi zao na familia zao. Walijijengea hadi kibanda cha mawe pale chini, wanakaa na vinywaji vyao wanatazama nani anashuka.

Sheria ya California haina utata. Pwani ni ya umma, na mwaka 1976, mwaka uleule ambao Rabbit anatolewa meno, jimbo lilipitisha sheria maalumu ya pwani inayolinda haki ya kila mtu kufika baharini. Sheria na wimbi ni vitu viwili, lakini. Mwaka 2015 waandishi wa The Guardian walishuka Lunada na kamera ya siri, wakapokelewa kwa vitisho. Walipokwenda kulalamika polisi wakaambiwa, kwa ufupi, jamaa hao tunawajua wote, hawapendi wageni. Wanawajua wote! Yaani mwamuzi kaona rafu, kamtambua mchezaji kwa jina, kisha kamshauri aliyechezewa rafu ahame uwanja.

Machi 2016 ikafunguliwa kesi. Mmoja wa walalamikaji alikuwa polisi wa mji mwingine wa pwani hiyohiyo, El Segundo, aliyedai alipoingia majini alitukanwa na mwenyeji akampitia na ubao ukamkata mkononi. Polisi mzima, na aliogopa kwenda peke yake. Mwishoni mwa mwaka huo mji ukabomoa kile kibanda cha mawe. Kesi ikazunguka kutoka mahakama ya shirikisho hadi ya jimbo, miaka minane, hadi 2024 ilipomalizika kwa mapatano, mji ukikubali kuchukua hatua za kukomesha vitisho na kuufungua ufukwe ule kwa wote.

Naona watu wakiweka Lunada na North Shore kapu moja, wakisema yote ni wenyeji kulinda kwao. Sikubali. Mhawaii wa 1976 alikuwa amenyang'anywa kila kitu na anang'ang'ania kilichobaki. Jamaa wa Lunada hajanyang'anywa chochote. Ana nyumba, ana jabali, ana manispaa, na anataka na bahari pia. Ngumi ni ngumi, meno ya Rabbit hayakuota tena kwa sababu aliyempiga alikuwa na historia nzuri. Lakini ukitaka kujua nani wa kukaa naye kikao na nani wa kumpeleka mahakamani, uliza kwanza amepoteza nini.

Na tuwape wenyeji haki yao kwenye jambo moja: foleni ni ya kweli. Filamu ya Gidget mwaka 1959 iliijaza Malibu watu ambao jana yake hawakujua ubao unashikwaje. Siku hizi kuna kamera za mtandaoni na utabiri wa mawimbi, wimbi likianza kuvunjika asubuhi mtu aliye mji wa tatu anaona kwenye simu na anawasha gari. Anayeshindwa kuzuia ubao wake anaweza kumuua mtu. Wazee wanaomfukuza mwanafunzi kwenye mwamba hatari mara nyingine wanamwokoa, ingawa wangeweza kumwambia kwa kauli nzuri.

MNARA WA TEAHUPO'O

Sefingi iliingia Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo, na ilipofika zamu ya Paris 2024, Wafaransa wakapeleka mashindano Tahiti, zaidi ya kilomita 15,000 kutoka Paris, kwenye kijiji kinachoitwa Teahupo'o. Barabara inaishia hapo. Wimbi lake linavunjika juu ya tumbawe lenye maji machache, zito kama ukuta unaoanguka.

Kwa miaka mashindano ya kulipwa yalitumia mnara wa mbao kwa ajili ya majaji, unafungwa na kufunguliwa. Olimpiki wakataka mpya, wa alumini, mkubwa zaidi, wa kuchimbiwa kwenye tumbawe. Wanakijiji wakasema hapana. Oktoba 2023 waliandamana, wavuvi, watelezaji, kina mama, wakisema tumbawe likiumia samaki wanaondoka na wimbi lenyewe linaweza kubadilika. Waandaaji wakapunguza ukubwa wa mnara. Desemba, tishari lililokuwa kwenye majaribio likavunja tumbawe, video ikazunguka dunia nzima, kazi ikasimama. Mwishowe mnara mdogo ulijengwa, na wanamichezo wakalazwa kwenye meli badala ya kuwajengea mahoteli.

Hapo hakuna aliyepigwa. Hakuna tairi lililokatwa. Mgeni alikuwa ni Olimpiki, mkubwa kuliko wageni wote wa michezo, na wenyeji walimlazimisha apunguze mzigo kabla ya kuingia.

Fainali ya wanaume ilipigwa Agosti 5, 2024. Upande mmoja Jack Robinson wa Australia, mmoja wa watelezaji bora duniani kwenye mawimbi mazito. Upande wa pili Kauli Vaast, miaka 22, amevaa jezi ya Ufaransa lakini ni mtoto wa Tahiti, amekulia jirani tu na wimbi lile. Kila mmoja anahesabiwa mawimbi yake mawili bora. Vaast alichukua mapema, moja la 9.50, jingine la 8.17. Robinson akapata moja zuri, 7.83, akahitaji la pili.

Bahari ikatulia. Robinson alikaa juu ya ubao anatazama upeo, dakika zinakwenda, Vaast kakaa pembeni yake hana haraka, ametazama maji hayo tangu utotoni. Wimbi la pili la Robinson halikuja hadi muda ulipokwisha.